Fuwele Imeze Polepole: Ninavyopanga Fuwele ya Leza ya Infraredi Inayosukumwa na Dayodi

Baba alikuwa dalali wa vito pale Voi. Mezani pake palikuwa na lupu, koleo ndogo, na kisanduku cheusi chenye vioo viwili vya polaroidi vilivyopishanishwa hadi mwanga usipite. Mtu akileta jiwe la kijani na kuapa kwamba limetoka Kasighau, Baba analitia katikati ya vile vioo na kulizungusha taratibu. Likibaki jeusi kila upande, huenda kweli ni garneti ya Tsavo. Likiwaka na kuzima kila robo ya mzunguko, ni tamalini, au zumaridi. Chupa ya soda haikufika hata huko, maana chupa alizijua kwa uzito.

Leo ninafanya kazi Jena, Ujerumani, na mawe ninayoyaweka ndani ya leza ni garneti vilevile. Ile ya kwetu ni kalisi, alumini na silika. Hii ya maabara ni itri, alumini na oksijeni, inaitwa YAG, na ndani yake mnatiwa neodimi, elementi ambayo ndiyo hasa inayotoa mwanga wa leza, kidogo tu, kiasi cha kuipa rangi ya zambarau hafifu. Kisanduku cha polaroidi bado ninacho, tena kina kazi ambayo nitaieleza mbele.

Namwandikia mwanafunzi au fundi aliyekabidhiwa dayodi (kifaa kidogo kinachogeuza umeme kuwa mwanga) ya wati 30 ya nanomita 808, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake, ikitokea kwenye faiba yenye kiini cha maikroni 400, akaambiwa atoe wati 10 za nanomita 1064 zenye mwale safi wa duara. Wengi wetu tulianza kwa kufungua orodha ya muuzaji na kuchagua fuwele inayofyonza mwanga upesi kuliko zote. Mimi nilianza hivyo. Nakuomba uanze na joto, na ukishajua joto litakaa wapi, fuwele itajichagua karibu yenyewe.

Kabla ya yote, macho. Nanomita 808 utaiona kama wekundu dhaifu unaokudanganya kwamba mwanga ni mdogo. Nanomita 1064 huioni kabisa, lakini lenzi ya jicho lako inaikusanya na kuitua moja kwa moja kwenye retina, na retina haina neva za maumivu. Utakachogundua ni doa jeusi lisiloondoka. Miwani ya kinga iwe imeandikwa kwenye kioo chake kwamba inazuia namba zote mbili, 808 na 1064. Nimewahi kumkuta mtu amevaa ya namba moja. Vua pete na saa. Mwale uwe chini ya usawa wa macho, na ukitaka kuokota kitu sakafuni, zima dayodi kwanza.

Hesabu ya joto

Gawanya 808 kwa 1064. Unapata 0.76. Maana yake, kila chembe ya mwanga wa pampu (ule wa dayodi tunaoilisha fuwele) inayogeuka kuwa chembe ya mwanga wa leza inaacha asilimia 24 ya nishati yake ndani ya jiwe. Hapo hujahesabu chembe zilizofyonzwa zikapotea bila kutoa leza. Mimi huandika asilimia 30 kwenye daftari na sijawahi kujutia. Kama fuwele inafyonza wati 28 kati ya 30, una zaidi kidogo ya wati 8 za joto zilizojazana mahali pembamba kama sindano, na njia pekee ya kutoka ni ubavuni.

Aina ya fuwele inaamuliwa na kazi. Vanadati ya itri yenye neodimi, fuwele nyingine ya leza, ina nguvu kubwa ya kukuza mwanga, kama mara tisa ya YAG, na mwale wake unatoka ukitetema upande mmoja tu. Lakini inapitisha joto kwa nusu tu ya YAG, na neodimi ndani yake inashikilia nishati kwa mikrosekunde 90 hivi, wakati ndani ya YAG inashikilia 230. Anayetaka mapigo makubwa machache, tuseme elfu chache kwa sekunde, achukue YAG, kwa sababu ndiyo yenye akiba. Anayetaka mapigo madogo ya haraka, makumi ya maelfu kwa sekunde, achukue vanadati. Kuna pia YAG yenye iterbi, elementi nyingine badala ya neodimi, ambayo unaipampu kwa 940 ikatoa 1030, na hasara yake ya msingi ni karibu asilimia 9 tu. Inavutia, ila ina tabia yake: sehemu ya fuwele isiyofikiwa na pampu inafyonza mwanga wa leza yenyewe, hivyo kila milimita ya ziada ni deni. Ndiyo maana Adolf Giesen na wenzake kule Stuttgart, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliifanya kisahani chembamba kama karatasi kadhaa na kupitisha pampu ndani yake mara nyingi. Neodimi haina deni hilo, na nitaendelea na YAG ya neodimi kwa sababu inamsamehe anayejifunza.

Neodimi kiasi gani, urefu gani

Hapa ndipo kwenye kiini cha mambo, basi tukae kidogo.

Mwanga unafyonzwa kwa sehemu, kila milimita ikichukua fungu lake la kile kilichobaki. Kwa dayodi yangu, YAG yenye asilimia 1 ya neodimi nilipima ikifyonza kwa kiwango cha 6 kwa sentimita. Fuwele ya milimita 5 ya namna hiyo inameza asilimia 95 ya pampu. Kwenye karatasi inapendeza: fupi, nafuu, inameza karibu yote.

Sasa tazama milimita ya kwanza peke yake. Inameza asilimia 45. Katika wati 30, wati 13 na nusu zimeishia kwenye uso wa mbele, mahali ambapo jiwe linagusa hewa na haliwezi kupoa vizuri, na ambapo utando wa kuzuia mwakisiko umebandikwa. Uso unavimba kama tumbo la chura. Katikati panakuwa moto, kingo zinabaki baridi, jiwe linavutana lenyewe kwa lenyewe.

Chukua badala yake asilimia 0.3 ya neodimi na urefu wa milimita 15. Kiwango cha kufyonza kinashuka hadi 1.8 kwa sentimita, na jumla inayomezwa ni asilimia 93. Umepoteza asilimia 2 tu. Lakini milimita ya kwanza sasa inameza asilimia 16 na nusu, yaani wati 5 badala ya 13 na nusu. Joto lilelile limetandazwa kwenye jiwe refu, na kila kipande kinapata ubavu wake wa kupoa. Badiliko hilo moja limeniokolea fuwele nyingi kuliko mashine yoyote ya kupozea maji.

Faida ya pili watu huisahau. Dayodi inahama karibu nanomita 0.3 kwa kila digrii ya selsiasi. Maji ya kupozea yakipanda digrii 5 mchana wa kiangazi, nanomita zako zimehama 1.5, na mstari wa kufyonza wa YAG karibu na 808 ni mwembamba. Fuwele ndefu ina nafasi ya kukamata kile ambacho fupi ingekiacha kipite.

Ya tatu: neodimi zikikaribiana sana zinaanza kupokezana nishati na kuipoteza zenyewe kwa zenyewe, na hasara hiyo inageuka joto jingine. Kwenye asilimia 0.3 zimekaa mbali.

Mbona basi usiende asilimia 0.1 na urefu wa sentimita 5? Kwa sababu ya mwale wa pampu.

Doa la pampu

Mwanga unatoka kwenye faiba hii ukitawanyika kwa pembe ya radiani 0.22 kila upande. Zidisha nusukipenyo cha kiini, maikroni 200, kwa 0.22, unapata 44. Namba hiyo hakuna lenzi itakayoipunguza. Ukikuza doa mara mbili hadi nusukipenyo cha maikroni 400, pembe inashuka hadi 0.11, ukilibana, pembe inapanuka. Ni kama hema: ukivuta upande huu, upande ule unalegea.

Kwa doa lenye nusukipenyo cha maikroni 200, mwale ndani ya YAG unakaa mwembamba kwa milimita 1.65 tu kutoka kitovuni kabla nusukipenyo chake hakijapanuka kwa asilimia 40. Kwa doa la 400, umbali huo unakuwa milimita 6.6. Mara mbili ya upana imekupa mara nne ya kina. Hivyo fuwele ya milimita 15 inapatana na doa la 400, kitovu kikiwekwa kama theluthi moja ndani ya jiwe, kule ambako wingi wa mwanga bado upo. Sentimita 5 isingepatana: nusu ya nyuma ingekuwa na pampu iliyotawanyika nje ya njia ya leza, inapasha moto bure. Ukiwa na fedha, nunua dayodi yenye faiba nyembamba zaidi badala ya dayodi yenye wati nyingi zaidi. Hilo ningemwambia mdogo wangu wa tumbo moja.

Doa usiliamini kwa hesabu. Weka wembe kwenye kijukwaa cha mikromita, ukate mwale polepole huku ukisoma kipima nguvu, mahali pasipopungua matano kwenye njia ya mwale. Ni kazi ya saa mbili, dayodi ikiwa kwenye nguvu ndogo.

Lenzi usiyoinunua

Katikati ya fuwele pakiwa moto kuliko kingo, mwanga unapinda kuelekea katikati. Fuwele imekuwa lenzi. Kuikadiria si kazi ngumu: zidisha pai kwa uwezo wa kupitisha joto (chukua 10 kwa YAG yenye neodimi), kisha kwa mraba wa nusukipenyo cha doa katika mita; gawanya jibu kwa wati za joto zikizidishwa na 7.3 kwa milioni, ambayo ndiyo kiasi upindaji mwanga wa YAG unavyobadilika kwa kila digrii. Kwa wati 8 na doa la maikroni 400 unapata fokasi, yaani umbali ambao lenzi inakusanya mwanga, ya sentimita 8.6. Kwa doa la 200 unapata sentimita 2.2, na hapo kupanga vioo ni mateso.

Hesabu hiyo ni ya doa lenye kilele katikati. Doa bapa kabisa linakupa fokasi ndefu mara mbili, kama sentimita 17. Doa la faiba liko kati ya hayo mawili. Langu lilikuja 11, na namna nilivyolipima ni hii: weka vioo viwili bapa, ambavyo mwanga wa leza unaenda na kurudi kati yake, kwa umbali wa sentimita 20, fuwele ikiwa karibu na kimojawapo, kisha pandisha pampu. Nguvu ya leza inapanda, inapanda, halafu inaporomoka ghafla. Pale inapoporomoka, fokasi ya fuwele imelingana na umbali wa vioo. Kwangu ilikuwa kwenye wati 16 na nusu za pampu. Fokasi inapungua kadiri pampu inavyoongezeka, kwa uwiano uleule, hivyo kwenye wati 30 ni sentimita 11. Hukulazimika kufika 30 ili uijue.

Vioo vya mwisho vipange kwa fokasi hiyo ya kazini. Uupe mwale wa leza nusukipenyo kama asilimia 80 ya doa la pampu ndani ya fuwele, kwa sababu kingo za lenzi ya joto zimepindika vibaya na zinachafua mwale.

Kuagiza

Niliomba fuwele ya milimita 3 kwa 3, sehemu yenye neodimi iwe na urefu wa milimita 15, na kila ncha kofia ya milimita 2 ya YAG tupu isiyo na neodimi, vyote vimeunganishwa kwa joto na shinikizo bila gundi. Kofia haifyonzi pampu, kwa hiyo haina joto lake. Inavuta joto la uso wa jirani na kuuzuia usivimbe, na utando unakaa mahali pa baridi. Inaongeza bei. Lipa.

Jambo litakalokuuma ni kiasi halisi cha neodimi. YAG huvutwa kutoka kwenye chungu cha iridi, kwenye uji wa nyuzi 1970 za selsiasi, kwa mwendo wa nusu milimita hivi kwa saa, wiki baada ya wiki. Ayoni ya neodimi ni nene kuliko ya itri kwa karibu asilimia 9, na fuwele inaikataa. Nyingi inabaki kwenye uji. Kadiri jiwe linavyokua, uji unazidi kuwa na neodimi, na mkia wa jiwe unatoka mzito kuliko kichwa. Wauzaji wengi wanaandika "jumlisha au toa asilimia 0.1". Kwa fuwele ya asilimia 1 hilo ni dogo. Kwa yako ya 0.3 ni theluthi nzima: ikija 0.2 utameza asilimia 83 ya pampu, ikija 0.4 utameza 97. Omba kwa maandishi kipimo cha ufyonzaji cha kipande kilekile utakachopewa. Muuzaji mzuri anakipima kwa dakika chache, na asiyetaka mwache.

Mengine kwa kifupi. Utando uzuie mwakisiko kwa namba zote mbili, na kwenye 1064 usiakisi zaidi ya asilimia 0.2. Nyuso mbili za mwisho zisiwe sambamba kabisa, nusu digrii inatosha, la sivyo zitajifanya vioo. Mbavu zisagwe ziwe na ukungu, zising'arishwe, ili mwanga usizunguke ndani ukila akiba yako. Ukiagiza vanadati, hakikisha mhimili wake mkuu umelala kukata njia ya mwale.

Kitanda cha shaba

Fuwele inalala kwenye shaba iliyochongwa, maji yakipita ndani yake, na kati ya shaba na jiwe karatasi ya indi ya milimita 0.1. Indi ni metali laini, inajaza mikwaruzo. Osha shaba kwa asetoni, kisha usiiguse kwa kidole.

Sasa kile kisanduku cha Baba. YAG, kama garneti yoyote, haina upande. Kati ya polaroidi zilizopishana inabaki nyeusi ukiizungusha vyovyote. Ikiwaka, imebanwa. Weka kitanda chote, fuwele ikiwa ndani, kati ya karatasi mbili za polaroidi, taa nyeupe nyuma, uangalie kwa kupitia urefu wa jiwe huku unakaza skrubu. Kona zikianza kung'aa, legeza robo mzunguko. Mara ya kwanza nilipofanya hivi kona mbili za upande wa kushoto ziliwaka kama mwezi mwandamo. Indi ilikuwa imejikunja chini yake. Nilifungua, nikabadilisha karatasi, nikakaza tena kwa kupishana, skrubu hii kidogo na ile ya mkabala kidogo, mpaka giza likarudi. Fundi mwenzangu wa hapa hakuwahi kuona kipimo hiki kwenye kitanda kilichokamilika, sasa anakifanya kila mara.

Kuwasha

Mwaka wangu wa pili hapa nilipasua fuwele ya vanadati ya asilimia 1. Nilikuwa nimepandisha pampu yote, nikitafuta leza kwa kuzungusha kioo, na leza haijawaka. Nilisikia "tik", sauti ndogo kama ya kuvunja njiti ya kiberiti. Sababu naijua vizuri sasa: leza isipowaka, nishati iliyomezwa haina mlango wa kutokea. Neodimi zinajaa, zinapokezana, na joto linakuwa kubwa kuliko wakati leza inafanya kazi. Kwa hiyo usitafute leza kwa nguvu kamili, hata siku moja.

Weka dayodi itoe mapigo, iwake sehemu moja ya kumi ya wakati na kuzima tisa. Joto la wastani linakuwa sehemu moja ya kumi. Tumia kioo kimoja bapa na kimoja chenye mbonyeo wa nusukipenyo cha sentimita 50, kwa umbali wa sentimita 10. Mpangilio huo unasimama hata fuwele ikiwa baridi, kabla lenzi ya joto haijazaliwa. Tafuta leza hapo. Ukiipata, inyooshe, ndipo uongeze muda wa kuwaka, kisha wati, mbili mbili, ukisubiri dakika moja kila hatua na kuandika: pampu iliyoingia, pampu iliyopita bila kumezwa, wati za leza, joto la maji. Ikipita zaidi ya ulivyotarajia, badilisha joto la dayodi digrii moja moja mpaka pampu inayopita iwe ndogo kabisa. Kioo cha kutolea leza, anza na kinachopitisha asilimia 10, ujaribu pia 15 na 20. Ni rahisi kubadilisha, basi usikisie.

Ukimaliza saa ya kwanza kwenye nguvu kamili, punguza taratibu, zima, acha maji yaendelee kupita kwa dakika kumi. Fungua kitanda kutoka kwenye vioo, kirudishe kati ya polaroidi. Indi inatulia baada ya joto la kwanza na mkazo unahama. Kona zikiwa nyeusi, kifunge mahali pake na uanze kuhesabu saa za kazi.